Simu inalia, lakini neno linafika? Namna ya kupima simu za intaneti pa kituo cha mashauri



Wengi kati yetu tukimaliza masomo tunakutana na kazi ambayo haikuandikwa kwenye diploma. Mimi niko na lisansi ya agronomia, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu leo ni kuchunga simu. Pa kituo chetu wakulima wanapiga kuomba mashauri, na simu hizo zinapita kwenye intaneti. Ninaandikia yule ambaye kesho atapewa kituo kama hicho mikononi: asidanganywe na taa ya kijani ya ruta.

Simu ya intaneti inakata sauti vipande vidogo. Kawaida kila kipande kinabeba milisekunde 20, ni kusema pakiti 50 kila sekunde, na kila pakiti inasafiri peke yake. Imeli ikichelewa sekunde tano, hakuna shida. Pakiti ya sauti ikichelewa sana, inatupwa. Kwa hiyo intaneti ya mbio haitoshi. Sauti inaomba rezo inayotembea sawasawa.

Sasa fikirini Kiswahili chetu. Unamwambia mukulima ambaye migomba yake inanyauka: "Usitumie panga hiyo bila kuisafisha." Katazo lote linakaa katika silabi moja tu, "si". Silabi kama hiyo ni karibu milisekunde 150, yaani pakiti saba ao nane zinazofuatana. Zikipotea, mukulima anasikia: "Utumie panga hiyo bila kuisafisha." Na ugonjwa ule unahamishwa na panga, shina kwa shina. Ndiyo maana kupima simu haiko kazi ya fundi peke yake.

Tunaangalia vitu vitatu:

1. Kuchelewa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (UIT) unashauri sauti isipitishe milisekunde 150 toka mdomo mpaka sikio. Satelaiti za zamani ziko juu karibu kilometa 36.000, kupanda na kushuka peke yake kunakula karibu milisekunde 240. Hapo watu wanaanza kukatana maneno.
2. Kuyumba. Pakiti moja inafika mapema, ingine inachelewa. Mafundi wengi wanaomba isipite milisekunde 30.
3. Kupotea. Ikipita pakiti 1 kwa 100, masikio yanaanza kusikia shida.

Musipime asubuhi wakati biro iko tupu. Pimeni saa ya kazi, kompyuta zote zikiwaka na mutu mumoja anashusha video. Mukitumia kodeki ya G.711, kila simu inakula karibu kilobiti 87 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Washauri kumi wakisema pamoja, ni karibu kilobiti 870 kila upande. Angalieni zaidi upande wa kupandisha, juu mara nyingi ndio mwembamba. Kama haitoshi, G.729 inashusha hesabu mpaka karibu kilobiti 31 kwa simu, lakini sauti inapungua uzuri kidogo. Tena ruta ipangwe ipitishe sauti mbele ya vitu vingine.

Kisha mupime kuharibika. Ngoeni waya wa intaneti mukiwa katikati ya simu ya majaribio. Zimeni umeme. Onduleri inashika dakika ngapi? Ruta nayo imefungwa kwenye onduleri, ao ni seva tu? Mutu anayepiga wakati huo anasikia nini? Kama wewe unamusikia lakini yeye hakusikii, mara nyingi kosa liko pa ruta: sauti inapita njia tofauti na ile inayolisha simu, na ruta imeifunga.

Matunzo ni desturi ndogo ndogo. Kila asubuhi, mutu mumoja apige namba ya kituo na simu yake ya kawaida, toka inje, sawa mukulima. Kila juma, sikilizeni rekodi chache. Rekodi isiyobanwa inakula karibu mega 1 kwa dakika. Washauri kumi wakisema saa sita kwa siku, ni karibu giga 3 na nusu. Diski ikijaa, mfumo unaweza kusimama. Badilisheni maneno ya siri mepesi, juu wezi wanayatafuta ili wapige ng'ambo usiku kwa hesabu yenu. Na muangalie saa ya seva: Kinshasa ikiwa saa mbili asubuhi, Bukavu na Lubumbashi ni saa tatu. Seva iliyowekwa kwa saa ya Kinshasa itamwambia mukulima wa huku "tumefunga" saa nzima wakati washauri wamekaa wanangoja.

Mwanafunzi anayetaka kujifunza haitaji pesa mingi. Asterisk, programu ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999, ni ya bure. Kompyuta moja ya zamani na simu mbili zinatosha kujaribu yote niliyoandika. Iko hata na jaribio la mwangwi: unasema, inakurudishia sauti yako. Anza na sentensi yenye katazo, na usikilize kama "si" imerudi.