Lori la tisa: hesabu za migodini kwa wabeba kokoto na mchanga

MFANYABIASHARA wa kokoto au mchanga jijini Dar es Salaam akipata fedha kidogo, jambo la kwanza analofikiria ni kuongeza lori. Mwenye Fuso moja anatafuta la pili, mwenye mawili anakwenda benki kukopa anunue la tatu, pengine kwa kuweka nyumba rehani. Mara nyingi hajakaa chini kujiuliza kama kijiko kinachopakia kule machimboni kitaweza kulihudumia lori hilo, au litakwenda tu kurefusha foleni.

Kwenye migodi mikubwa ya wazi, swali hilo hujibiwa na kompyuta kabla gari halijanunuliwa. Programu kama Talpac, iliyotengenezwa na kampuni ya Runge ya Brisbane, Australia, huingiziwa urefu wa njia, miinuko yake, uzito wa mzigo, nguvu ya injini na ukubwa wa kijiko. Kisha hutoa jibu: lori litatumia dakika ngapi kwenda na kurudi, na yanahitajika malori mangapi. Kampuni nyingine, Modular Mining Systems ya Tucson, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilijipatia jina kwa mfumo unaomwelekeza dereva aende kwenye kijiko kipi mara tu anapomaliza kumwaga.

Mwenye Fuso wa Tegeta au Mbagala hana sababu ya kununua programu hizo. Hata hivyo, kiini cha hesabu iliyomo ndani yake ni kugawanya tu, na mtu aliyemaliza darasa la saba anaiweza.

Chukulia malori yanapakia kokoto Kunduchi Mtongani, wilayani Kinondoni, eneo lililojulikana kwa machimbo yake kwa miaka mingi, na kuzipeleka kwenye jengo linalojengwa Mwenge. Kusogea chini ya kijiko na kupakiwa ni dakika 10. Kwenda na mzigo ni dakika 40, kumwaga dakika 5, kurudi tupu dakika 25. Jumla ni dakika 80. Gawanya 80 kwa 10, unapata malori manane. Hapo kijiko hakipumziki, na malori sita yanatoka kila saa.

Ongeza la tisa na la kumi. Bado yatatoka sita kwa saa, maana anayeamua ni kijiko. Mawili yaliyozidi yataongeza foleni, dereva na utingo watataka posho yao, na benki itadai rejesho mwisho wa mwezi kama kawaida.

Tena hata hayo manane hayatafikia sita kwa saa kila siku. Magari hayatembei kwa kupishana sawasawa: moja linakwama kwenye mataa, yaliyo nyuma yanalifikia, yote yanaingia machimboni kwa pamoja. Ndiyo maana programu za migodini haziridhiki na wastani. Hujaribu safari nyingi zenye dakika tofauti tofauti ili kuona foleni itakavyokuwa.

Mwenye lori moja anaweza kudhani habari hii ni ya matajiri. Sivyo. Yeye anapaswa kuhesabu malori yote yanayopakia pale, si ya kwake tu. Kwa siku ya kazi ya saa 10, lori linalozunguka kwa dakika 80 linapiga tripu saba. Likisubiri kijiko dakika 40 kila mara, linapiga tano. Aliyekopa kwa kutegemea saba ameshaingia matatizoni kabla injini haijaharibika.

Kinyume chake nacho kipo. Anayekodi kijiko kwa saa akiwa na malori manne kwenye njia ile ile analipia mashine inayokaa bure nusu ya muda. Huyo ndiye anayestahili kuongeza lori, ingawa kukodi la mwenzake kwa siku chache kunatosha kupima.

Jambo jingine ambalo programu hizo haziliachi ni hali ya njia. Kwa lori lenye uzito wa tani 20 pamoja na mzigo, kila asilimia moja ya mwinuko huidai injini nguvu ya ziada ya kama kilo 200. Barabara laini hufanya hivyo hivyo hata ikiwa tambarare, kwa kuwa tairi zinazozama ni kama zinapanda mlima muda wote. Wanaotoka kwenye njia za mchanga kuelekea Barabara ya Kilwa, upande wa Temeke, wanalijua hilo kwa dizeli. Kipande kifupi kibovu cha kutoka shimoni hadi lami, kikimwagiwa kifusi kwa kuchangiana wenye malori, huweza kuokoa dakika nyingi kuliko kununua injini kubwa.

Na mzigo wenyewe upimwe. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina kama tani 1.6; ukilowa huweza kukaribia tani 2. Mita nne zilizokuwa halali juzi zinaweza kuzidi uwezo wa Fuso ya tani 7 baada ya mvua ya usiku mmoja.

Kazi ya kukusanya takwimu apewe utingo, akiwa na daftari na saa ya mkononi: saa ya kufika machimboni, ya kuanza kupakiwa, ya kuondoka, ya kumwaga. Aandike kwa wiki mbili, na siku za mvua aziwekee alama.