Saa 48 za vijana wa kompyuta na bei ya mpunga Michenga

MKULIMA wa mpunga wa Michenga, Ifakara, anaweza kudhani kuwa mashindano ya kuandika programu za kompyuta hayamhusu. Lakini mashindano yaliyofanyika Nairobi, Novemba 2010, yalizaa huduma ya kumpa mkulima bei ya soko kupitia simu ya mkononi.

Mashindano hayo yaliitwa IPO48. Timu zilipewa saa 48 tu za kugeuza wazo la biashara kuwa programu inayofanya kazi. Ilishinda timu ya wanawake wa Kenya, wakiwamo Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, na zawadi ilikuwa Sh1 milioni za Kenya.

Huduma yao iliitwa M-Farm. Mkulima alituma ujumbe mfupi kwenda namba 3535 akitaja zao na soko, akajibiwa bei. Aidha, huduma hiyo iliwaunganisha wakulima wadogo wauze mzigo wao pamoja na kununua pembejeo kwa jumla.

Kazi ndani ya saa hizo

Mashindano ya aina hii yapo pia nje ya Afrika Mashariki. Yale ya ICFP, yaliyoanza 1998 na kushirikisha timu za nchi mbalimbali kwa njia ya intaneti, huchukua saa 72. Fedha za zawadi si nyingi. Kinachogombewa zaidi ni heshima.

Muda mrefu hivyo una adabu yake. Timu inayokesha usiku wa kwanza huamka siku ya pili ikitafuta makosa iliyoyaandika yenyewe kwa usingizi. Wazoefu hugawana kazi: mmoja anaandika, mwingine anajaribu kilichoandikwa, wa tatu anaandaa maelezo ya kuwapa waamuzi. Hulala kwa zamu.

Pia hupunguza kazi mapema. Jambo moja linalofanya kazi lina alama nyingi kuliko mambo kumi yaliyoishia njiani.

Kisichoandikwa kwenye kompyuta

Hata hivyo, saa 48 hazitoshi kumaliza kazi ya bei. Kompyuta haijui mchele unauzwaje Morogoro au Dar es Salaam mpaka mtu aende sokoni aulize. M-Farm ililazimika kuwa na wakusanyaji wa bei katika masoko matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret na Kitale.

Bonde la Kilombero lina swali lake jingine, nalo ni kipimo. Sheria ya vipimo nchini inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa imekuwa kilio cha wakulima kwa miaka mingi. Bei ya kilo moja kwenye simu haimsaidii anayeuza gunia lililoshonewa kilemba bila kupimwa.

Tuchukue mfano. Mkulima ana magunia 20 ya kilo 100, na bei aliyoisikia inazidi ya mchuuzi kwa Sh100 kwa kilo. Hiyo ni Sh200,000, kabla ya kutoa nauli ya mzigo. Lakini kila gunia likibeba kilo 20 za ziada, anatoa bure kilo 400. Kwa bei ya mfano ya Sh800, hasara ni Sh320,000, kubwa kuliko faida aliyoletewa na simu.

Kwa hiyo timu itakayotaka kumsaidia mkulima wa Michenga ianze na mizani na ghala la kikundi, ndipo ifuate programu. Mzigo uliopimwa na kukusanywa pamoja ndio unaompa mkulima nguvu ya kukataa bei ya chini wakati wa mavuno.

Vijana wa Ifakara wanaosoma kompyuta vyuoni wana faida ambayo wenzao wa mjini hawana: nyumbani kwao ndiko tatizo liliko. Kabla ya kujiandikisha kwenye mashindano, wakae siku moja kwenye mashine ya kukoboa, waone gunia linavyofungwa na nani anataja bei.

Viongozi wa vikundi nao wasiwaache waondoke mikono mitupu. Wawape daftari la mauzo ya msimu uliopita, lenye uzito, bei na tarehe. Programu ya bei bila takwimu hizo ni ghala tupu.