Mtundu wa Darasa Huenda Ndiye Mwenye Kipawa

Neno "mtundu" lina maana mbili. Mtundu ni mtoto msumbufu asiyetulia. Mtundu pia ni mbunifu, yule anayefungua redio mbovu na kuifanya ilie tena. Darasani, maana ya kwanza ndiyo inayosikika zaidi. Mtoto anayemaliza hesabu kabla ya wenzake kisha akaanza gumzo, anayemkatiza mwalimu kwa maswali, au anayechora pembezoni mwa daftari somo likiendelea, huingizwa katika orodha ya wasumbufu. Huenda mtoto huyo ana kipawa kikubwa, lakini hakuna aliyekitambua.

Jambo hili linawahusu wakazi wa Kona ya Musa kwa karibu. Hapa, jirani na Ukunda na Diani, watoto wa makabila na lugha nyingi huketi dawati moja. Kuna Wadigo na Waduruma, na kuna watoto ambao wazazi wao walitoka bara kuja kufanya kazi hotelini. Baada ya masomo, wengine huenda madrasa, wengine husaidia kuuza viazi karai au mihogo, na wengine hubaki nyumbani kulea wadogo zao. Kila mmoja huja shuleni na ujuzi ambao karatasi ya mtihani haiuoni.

Makala haya yanaeleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kumtambua mtoto mwenye kipawa, na jinsi mzazi anavyoweza kumsaidia mwalimu katika kazi hiyo.

Sheria inasemaje?

Wengi wakisikia "elimu ya mahitaji maalum" huwaza tu watoto wenye ulemavu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakwenda mbali zaidi. Inawataja pia wanafunzi wenye vipawa na talanta za kipekee miongoni mwa watoto wenye mahitaji maalum. Kwa hivyo, kumtafutia mtoto wa aina hiyo kazi inayolingana na uwezo wake si upendeleo. Ni haki yake, sawa na mtoto asiyeona anavyostahili kitabu cha breli.

Mtoto mmoja anaweza pia kuwa katika makundi yote mawili. Asiyesikia vizuri anaweza kuwa hodari wa hesabu kuliko darasa zima. Anayepata taabu kusoma maandishi anaweza kuwa msimulizi asiye na kifani. Mara nyingi shule hushughulikia ulemavu, kipawa kikasahaulika.

Alama pekee hazitoshi

Mwanafunzi anayeongoza darasa huenda ana kipawa, lakini pia huenda ni mtoto mwenye bidii, mwenye vitabu nyumbani na mtu wa kumsaidia jioni. Anayeshika mkia naye huenda hana kipawa katika masomo hayo, au huenda hajapata nafasi ya kukionyesha.

Utafiti mmoja uliofanywa hapa Kenya unaonyesha tofauti hiyo. Katika kijiji cha Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, watafiti wakiwemo Robert Sternberg na Elena Grigorenko waliwapima watoto kuhusu dawa za mitishamba zinazotumiwa na jamii yao. Waliwauliza ni mti gani hutibu ugonjwa gani, na dawa yake hutumiwaje. Kisha waliwapa pia mitihani inayofanana na ya shule. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yaliwashangaza wengi. Waliojua zaidi kuhusu mitishamba walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati wa Kiingereza. Watoto hao walikuwa na uwezo wa kujifunza mambo mengi na magumu, ila mitihani ya shule haikuwa na mahali pa kuuonyesha.

Watafiti hao waligundua pia kwamba Waluo wana maneno kadhaa ya kueleza akili. "Rieko" ni maarifa na ujuzi, "luoro" ni heshima, "winjo" ni kuelewa mambo, na "paro" ni kufikiri na kuanzisha jambo. Mitihani ya shule ilihusiana na rieko pekee. Hapa Pwani pia, mzee akisema "mtoto huyu ana akili" huwa anazungumzia mengi kuliko alama. Mwalimu akimwuliza mzee huyo ameona nini, atapata habari asizoweza kuzipata kwenye ripoti ya muhula.

Lugha inaweza kumficha mtoto

Katika madarasa ya chini, Gredi ya 1 hadi ya 3, sera ya elimu huelekeza watoto wafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Kuanzia Gredi ya 4, Kiingereza huchukua nafasi hiyo. Kuna watoto waliokuwa wepesi wa kujibu ambao hunyamaza ghafla wakifika hapo. Uwezo wao haujapungua, wamekosa tu maneno ya kuueleza.

Mwalimu anayetaka kujua uwezo wa mtoto wa aina hii anaweza kumruhusu aeleze jibu kwa Chidigo au Kiswahili kwanza, kisha amsaidie kulisema kwa Kiingereza. Iwapo maelezo yana mantiki, mwalimu ajue kwamba mtoto amelielewa somo na kinachobaki ni lugha. Kwa upande mwingine, kuna watoto wa Diani waliookota Kiitaliano au Kijerumani kwa kuwasikiliza watalii tu. Mtoto anayejifunza lugha ngeni bila kufundishwa anaonyesha dalili ya kipawa, hata kama daftari lake la Kiingereza limejaa wino mwekundu.

Dalili za kuangalia

Hakuna dalili moja inayotosha. Mwalimu atafute mambo yanayojirudia kwa wiki kadhaa:

• Mtoto huuliza "kwa nini?" na "ingekuwaje kama?", na hatosheki na jibu la kwanza.
• Hushika jambo jipya baada ya kuelezwa mara moja au mbili, kisha huchoka marudio yakizidi.
• Hupata jibu sahihi kwa njia ambayo haikufundishwa.
• Hukaa na kazi anayoipenda kwa muda mrefu, na huudhika akikatizwa.
• Wenzake humfuata katika michezo, humtegemea kugawa kazi au kusuluhisha ugomvi.
• Ana mzaha wenye akili, hutega vitendawili vipya au huigiza watu kwa ustadi.
• Huimba, huchora, hufinyanga au hutumia mwili wake michezoni kwa ustadi unaozidi umri wake.

Chukua mfano wa mtoto wa mvuvi. Maji ya bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mtoto aliyekulia ufuoni atajua maji yatajaa lini kesho kwa sababu ameyazoea, na huo ni ujuzi wa kuthaminiwa. Lakini akianza mwenyewe kuhesabu yatajaa saa ngapi baada ya siku tano, au akauliza kwa nini bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, basi amevuka mazoea. Amechukua kanuni na kuipeleka mahali papya. Hapo mwalimu aandike jina lake.

Mtoto mkimya pia asisahauliwe, hasa msichana. Wapo wanaojua jibu lakini hawanyooshi mkono kwa sababu wamelelewa kuona kwamba kujionyesha ni utovu wa adabu. Mwalimu atawaona kwa kupitia kazi zao zilizoandikwa na kwa kuwapa nafasi ya kuzungumza katika vikundi vidogo.

Pima, fundisha, pima tena

Njia moja rahisi imewahi kujaribiwa karibu nasi, katika shule za eneo la Bagamoyo nchini Tanzania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watoto walipewa mafumbo ya kufikiri, yakiwemo ya kupanga vitu katika makundi na ya kukisia kitu kwa kuuliza maswali. Kisha walifundishwa kwa muda mfupi mbinu za kufumbua mafumbo hayo, na wakapimwa tena. Alama zao zilipanda. La muhimu zaidi, mpangilio wa nani yuko mbele na nani yuko nyuma ulibadilika. Mtihani wa kwanza ulikuwa umeonyesha nani amewahi kukutana na mambo ya aina hiyo. Wa pili ulionyesha vizuri zaidi nani ana uwezo wa kujifunza.

Mwalimu wa Kona ya Musa anaweza kufanya hivyo bila gharama. Acheze na darasa mchezo wa kukisia. Mtoto mmoja afikirie kitu, wenzake waulize maswali ya ndiyo au hapana. Wengi wataanza kwa kubahatisha: "Ni embe? Ni mbuzi?" Mwalimu awaonyeshe faida ya maswali mapana, kama "Je, kina uhai?", kisha warudie mchezo. Yule ambaye baada ya dakika kumi anauliza maswali yanayopunguza uwezekano kwa nusu anastahili kuangaliwa, hata kama jana alikuwa wa mwisho kwenye hesabu.

Waangaliwe wote

Kosa la kawaida ni kusubiri mzazi mwenye sauti aje kusema mwanawe ana kipawa. Katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida nchini Marekani, walimu na wazazi ndio waliokuwa wakipendekeza watoto wa kupimwa. Mwaka 2005 wilaya hiyo ilianza kuwachuja watoto wote wa darasa la pili. Watafiti David Card na Laura Giuliano walionyesha kwamba baada ya hapo idadi ya watoto wa familia maskini na wa jamii za wachache waliotambuliwa iliongezeka sana. Watoto hao walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amewapendekeza.

Kwa hivyo daftari la mwalimu liwe na ukurasa wa kila mtoto, si wa wachache anaowapenda. Sentensi moja kwa wiki inatosha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa Januari 2019, tayari unamtaka mwalimu akusanye kazi za mwanafunzi katika jalada. Jalada hilo ni ushahidi mzuri likitumiwa vyema.

Baada ya kumtambua

Kumwongezea mtoto huyu hesabu ishirini zaidi za aina ileile ni kumwadhibu kwa kumaliza mapema. Apewe kazi yenye kina. Kama darasa linajifunza vipimo, yeye apime kivuli cha mnazi na atafute njia ya kujua urefu wake bila kuupanda. Aruhusiwe kusaidia wenzake, lakini asigeuzwe mwalimu msaidizi wa kila siku. Asitangazwe darasani kuwa "bingwa", maana sifa nyingi humfanya aogope kukosea. Mwenye kipawa cha uimbaji, uigizaji au michezo aingizwe katika mashindano na tamasha za shule za msingi.

Mwalimu anayehitaji msaada anaweza kumpeleka mtoto katika kituo cha EARC, ambacho hutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto, kwa kushauriana na mwalimu mkuu na mzazi. Walimu wanaotaka mafunzo zaidi wanaweza kuyapata katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, jijini Nairobi.

Nafasi ya mzazi na ya kaunti

Katiba, kupitia Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mtoto hata hivyo ni mmoja. Alichokiona mwalimu wa chekechea kinapaswa kumfikia mwalimu wa Gredi ya 1, na mzazi ndiye anayeweza kukibeba. Mtoto anapovuka kwenda shule ya msingi, nenda na michoro yake na umweleze mwalimu mpya mambo anayoyapenda na maswali anayouliza nyumbani.

Wakazi wengi wanaujua mpango wa Elimu ni Sasa, ambao umewalipia karo vijana wengi wa Kwale. Lakini fomu ya basari hujazwa na mtoto ambaye bado yuko shuleni. Diani ni mahali ambapo ufuo na bodaboda humpa kijana pesa ya leo. Mtoto aliyechoshwa na darasa tangu Gredi ya 3 akiitwa mtundu anaweza kuacha masomo kabla ya kuifikia fomu hiyo.

Muhula ukianza, muulize mwalimu wa mwanao jambo moja zaidi ya alama: "Umemwona akifanya nini vizuri?" Naye mwalimu amuulize mzazi swali hilohilo.