Buluo: anauzisha ku telefoni, na deni bado haijaisha

Saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, mbele jogoo za jirani hazijamaliza kelele, kijana huyu wa Buluo amekwisha kuuza mega za siku. Anauza mega mbele ya kuuza mukate. Mukate unaweza kungoja, anasema, lakini mama mwenye samaki ya kukauka anataka picha za samaki yake zitoke mbele watu hawajaamua watakula bukari na nini.

Wale wa pwani, wa Mombasa na Dar es Salaam, wakisoma mustari huu watapotea. Kwao kuuza ni kutoa kitu na kupokea makuta. Kwetu Katanga kuuza ni kutoa makuta na kupokea kitu, na yule mwenye kutoa kitu tunasema anauzisha. Wanatucheka kwa hiyo. Waache wacheke. Luga yetu hapo inasema jambo moja wazi: kuuzisha ni kumufanya mwenzako auze. Kuko mutu mbele yako, na wewe njo unafanya mukono wake uingie mu mufuko. Kijana huyu njo alituonyesha neno hili, na kwa sababu yake tulirudi kwake mara tatu.

Hatutaandika jina lake. Aliomba hivyo, na musomaji ataona sababu.

Kazi yake ni pibilisite ya intaneti. Watu wengi wa Buluo, na zaidi wazee wetu waliotumika ku mashini, wanaona kama hatumiki. Wanamukuta amekaa ku kiti kwa mulango, telefoni mukononi, wanapita wanatikisa kichwa. Basi tueleze kidogo. Mutu mwenye duka ao mwenye kitu cha kuuzisha anamuletea kile kitu. Yeye anapiga picha nzuri, anaandika maneno, anaeneza ku WhatsApp na ku Facebook. Kama mwenye kitu anataka kifike mbali zaidi, analipia. Kwa dola 5 unaweza kuchagua: tangazo hili lionekane na watu wa Likasi tu, wenye miaka 18 mpaka 35, wanaopenda mambo ya kazi za mine. Facebook inaomba kareti ya benki kwa kulipa. Yeye hana. Analipia ku kareti ya rafiki yake wa Lubumbashi, anamurudishia makuta kwa telefoni, na rafiki anakatako kidogo yake.

Vitu anavyouza yeye mwenyewe si vingi, na karibu vyote vinarudi ku kazi. Mega kila siku. Telefoni ya pili, iliyopita mu mikono ya watu wengine, lakini kamera yake ni nzuri. Pano ya jua na betri, sababu umeme unakatika bila kuaga. (Tuko karibu na Mwadingusha na Koni, maji ya Lufira inazungusha mashini kule usiku na muchana, na mushumaa bado uko juu ya meza. Haya, tuendelee.) Mufuko wa unga na makala kwa mama yake, kila mwezi. Na kaye, zile za watoto wa shule. Hizo kaye njo zilitushangaza.

Mu kaye hakuandika hesabu. Aliandika maulizo. Ya kwanza tuliyosoma ilikuwa hii: «Kama mi naonyesha tu mulango, na mwizi iko ndani, mi ni nani?»

Alikaa kidogo kisha akatuelezea.

Miaka miwili iliyopita mutu mumoja alikuja na koti nzuri, akasema kampuni moja ya mine inatafuta wafanyakazi, maderava na walinzi na wa kusukula sahani. Alitaka tangazo. Alilipa dola 30, pesa taslimu, bila kubishana bei, na kwa kweli hapo njo kijana angalishituka, sababu hapa kwetu nani analipa bila kubishana? Aliandika tangazo vizuri. Aliweka picha ya lori kubwa ya njano. Alichagua vijana wa Likasi. Kila mwenye kutaka kazi alipashwa kutuma dola 20 kwa telefoni, eti za kufungua karatasi. Kisha siku tisa ile namba ya telefoni ilikufa. Mutu wa koti hakuonekana tena.

Wasomaji wetu wanajua jambo hili. Hakuna kampi, hakuna kartie mu Likasi, mu Kolwezi ao mu Lubumbashi, ambamo jamaa moja haijatoa makuta kwa kazi ambayo haikukuwako. Kazi ya mine yenyewe iko, lori za shaba na kobalti zinapita mu Likasi kila siku kuelekea Kasumbalesa, watoto wanaziangalia zikipita. Kitu unachokiona kila siku ni rahisi kuamini.

Watu saba wa Buluo walikuja kwake ku mulango. Mumoja ni mutoto wa mama mujane wa nyumba ya tatu.

«Banakuya bila kelele,» anasema. «Kama bangenipiga, ningelala. Ule mama ananiuliza tu: mwanangu, ulijua? Minamujibu: hapana mama, sikujua. Anasema: uliuliza? Basi, mi nanyamaza.»

Nyumba iligawanyika. Baba yake alisema: haukuiba, ulifanya kazi, uliambiwa andika ukaandika. Baba huyo alitumika ku Gécamines, ku Shituru, akatoka mu «départ volontaire». Vijana wa leo hawakumbuki vizuri, basi tuseme: mu mwaka 2003 na 2004, kisha miezi mingi bila mushahara, watumishi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitia saini na kuondoka, mupango ukisaidiwa na Banki ya Dunia. Wengine walinunua mashamba, wengine baskeli na mashini ya kusaga, na kwa wengi makuta iliisha mbele mwaka haujaisha. Mzee anasema yule aliyewaletea karatasi za kutia saini alikuwa mutumishi kama wao, alibeba tu karatasi. Hajamukasirikia mpaka leo. Kwa hiyo mutoto wake naye hana kosa.

Mama yake alijibu kwa neno moja, tena akiwa anasonga bukari: «Hii unga tulikula, ilitoka ku zile dola 30. Mulikula ao hamukula?»

Tangu siku hiyo alianza kulipa. Watu saba, dola 20 kila mumoja, ni dola 140, na yeye alipata 30. Tulipomuona mara ya kwanza alikuwa amemaliza watu wane. Sasa ni watano.

Na tangu siku hiyo pia alianza kusoma. Usiku, wakati mega za usiku ni za bei ndogo, anatafuta wale waliojiuliza mbele yake. Alitutajia majina kama vile watoto wengine wanavyotaja wachezaji wa TP Mazembe. Kuko Kant, Mudachi wa Königsberg, aliyekaa maisha yake yote karibu na muji wake, kama wazee wetu wengine ambao hawajafika hata Lubumbashi. Mu kitabu cha mwaka 1785 Kant aliandika kama mutu hapashwi kutumiwa kamwe kama chombo tu cha kufikia kitu kingine. Musikie vizuri hiyo «tu». Hakukataza kutumika mu kazi ya mwengine. Alikataza kusahau kama yule mwenye kutumika ni mutu. Mwenye kuitwa kwa namba miaka makumi mawili mu usine hana lazima ya kupelekwa ku chuo kikuu kwa kufahamu hiyo.

Tulimuuliza, kidogo kwa kumupima: sasa pibilisite yote si kumutumia mutu kama chombo? Alicheka. Akasema hapana, mama wa samaki anapata, na mwenye kula anapata samaki. Chombo ni yule ambaye ukimuambia kweli yote, hataki tena. «Njo ile nafanya. Mbele ya kuandika, naseme ku roho: kama mutu huyu angejua ile mi najua, angeuza? Kama hapana, basi haiko kuuzisha. Iko kuvua samaki.»

Lakini kitu kilichomugusa zaidi hakikutoka Ulaya. Kilitoka mu sanduku ya babu yake.

Babu alitumika Union Minière ku Kolwezi, akakaa kampi ya Musonoi. Kule, mu mwaka 1953 na kuendelea, padri mumoja Mufransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alikuwa anakusanya wafanyakazi na wake zao, baba na mama pamoja, kwa kuzungumuza. Si kwa kuhubiri peke yake, bali kuuliza: mutu anataka nini kwa kweli? Jibu walilibeba kwa Kiswahili chetu: uzima, uzazi, mapendo. Watu wakaita kile kikundi Jamaa, na kikaenea mu makambi ya Katanga, na Kasai pia. Tempels alikuwa amekwisha kutoa kitabu mu mwaka 1945, hapa hapa Élisabethville, La philosophie bantoue, ambamo alisema kama kwa Muntu wema ni kile kinachoongeza nguvu ya uzima, na ubaya ni kile kinachoipunguza.

Mu sanduku ya babu kulikuwa kaye ya mafundisho, iliyoandikwa kwa penseli, kurasa nyingine zimeliwa na muchwa. Kijana alituonyesha. Hatuwezi kuandika yaliyomo, ni mambo ya nyumba yao. Lakini tuliona hili: watu waliotoka shimoni na vumbi ku macho, jioni walikaa wakauliza maulizo yale yale ambayo maprofesa wanauliza, na walifanya hivyo kwa luga ya kampi. Tunasema mara nyingi mu gazeti hili kama wafanyakazi wa mine walijenga nchi kwa mikono. Tunasahau kama walifikiri pia.

Tena Likasi haiko mugeni mu mambo haya. V. Y. Mudimbe, aliyefariki Marekani mwezi wa 4 mwaka 2025, alizaliwa hapa mu mwaka 1941, muji ukiitwa bado Jadotville. Alifundisha ku chuo kikuu cha Lubumbashi mbele ya kwenda Marekani, na mu kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya namna Afrika ilivyobuniwa, alimuchunguza Tempels naye, akauliza nani ana ruhusa ya kusema Waafrika wanafikiri nini. Kijana wetu hajakisoma chote. Ni kigumu, anasema bila haya, na tena kitabu chenyewe kiliandikwa kwa Kiingereza.

Kusoma hakumulipi deni. Tumeona pia siku zake za uzaifu. Mara ya pili tulipofika alikuwa na noti ya dola 20 mu kaye, kati ya kurasa. Ilikuwa na tundu dogo ku pembe. Musomaji anajua: hapa kwetu dola yenye tundu kama ya sindano ni karatasi, hakuna mwenye kuipokea. Aliipewa na mutu usiku, umeme ukiwa umekatika. Kumbe naye angeweza kuipitisha usiku kwa mwengine, katikati ya noti nzima, na mwengine angepitisha kwa mwengine tena. Alikaa nayo wiki mbili. Alitukubalia kama mara moja aliitoa mbele ya mama mwenye kuuzisha mafuta, kisha akairudisha mu mufuko akisema amesahau kitu nyumbani. Mwisho aliipeleka ku mubadilishaji wa makuta, mu jua ya saa sita, akamuonyesha tundu. Wakampa 16. Zile dola 4 zilimuuma, na hakutuficha.

Mara ya tatu, wiki iliyopita, tulimukuta na jozi ya bote mezani. Muzishaji mumoja amepokea katoni nyingi za bote, anataka tangazo kwa wachimbaji: bote za usalama, bei ya chini kuliko zote. Dola 50 kwa kazi, na kuko nyingine mbele kama zinatoka. Hesabu ni rahisi: dola 40 zilibaki ku deni, angemaliza jioni ile ile, na dola 10 zingebaki kwa unga.

Aliziangalia bote. Zilikuwa nzuri, nyeusi, soli nene. Aliomba baba yake nyundo. Mzee, ambaye alivaa bote za kweli miaka mingi ku Shituru, aliishika ile bote kwa mukono, akaipima uzito, akairudisha bila kusema neno. Kijana aliiweka chini ku saruji, akapiga mara moja hapo vidole vinapokaa. Ilijikunja kama katoni. Hakuna chuma ndani.

Jioni aliandika tangazo, mbele yetu, polepole, akifuta na kuanza tena. Lilisema: bote za mvua na za shamba, soli nene, bei nzuri. Na chini: haziko za kuingia nazo shimoni, hazina chuma mbele. Alilituma kwa mwenye katoni kwa kuomba ruhusa ya kulitangaza.

Yule alijibu kisha saa moja kama atafikiri. Mpaka siku tunaandika hii, hajajibu tena. Bote iliyojikunja iko bado chini ya meza, na mwenye katoni anataka kulipwa bei yake.