Huyo kipanga wa Shinyanga ni mwenyeji au katoka Siberia?

Kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji pale Samuye, Shinyanga, ndege yeyote mwenye mdomo uliopinda ni mwizi wa vifaranga. Akitokea juu ya uwanja, watoto wanapiga kelele na mawe yanarushwa. Mara nyingi anayebeba kifaranga ni mwewe, yule mwenye mkia wenye panda anayezungukazunguka taratibu juu ya nyumba.

Kipanga, au kozi kama wengine wanavyomwita, ni mwingine kabisa. (Mtaani kipanga ni yule anayeongoza darasani, lakini hapa tunaongelea ndege.) Mabawa yake ni marefu na yamechongoka, na chakula chake kikubwa ni ndege wenzake anaowakamata hewani. Anapanda juu sana, anakunja mabawa na kujiachia. Akishuka hivyo anapita kilomita 300 kwa saa. Basi la mkoani linaruhusiwa 80.

Jina lake la kisayansi ni Falco peregrinus. Yupo karibu dunia nzima, isipokuwa Antaktika, na wataalamu wanamgawa katika nususpishi zaidi ya 15, yaani ndege wa aina moja wanaotofautiana kidogo kwa rangi, ukubwa na makazi. Tanzania inahusika na wawili.

Wa kwanza ni minor, mwenyeji. Anaishi Afrika kusini mwa Sahara, lakini kwa mtawanyiko: leo yupo hapa, kisha unaenda mbali sana bila kumwona mwingine. Kinachompanga ni mawe. Hajengi kiota, anataga kwenye ukingo wa jabali refu, na mijini anaweza kutumia ghorofa. Jina minor maana yake ni mdogo, na kweli ni mdogo. Mgongo wake ni wa kijivu kilichoiva karibu na weusi, kichwa cheusi kama amevaa kofia, na chini ya jicho kuna "sharubu" nyeusi nene. Tumboni ana mistari myembamba iliyosongamana.

Wa pili ni calidus, na safari yake inashangaza. Anazaliana kaskazini kabisa mwa Ulaya na Asia, kwenye tundra, kuanzia Lapland hadi Siberia. Baridi ikianza kule anashuka kusini, na baadhi wanafika hadi Afrika Kusini. Huku kwetu anaonekana kati ya Oktoba na Aprili. Ni mkubwa zaidi, mgongo wake umepauka, sharubu ni nyembamba, shavu jeupe ni kubwa na kifua ni cheupe zaidi.

Sasa kuna wa tatu anayechanganya watu: kozi mwenye utosi wa rangi ya kutu, Falco biarmicus. Huyo ni spishi nyingine, na kwenye tambarare kavu anaonekana kwa urahisi kuliko hao wawili. Ukiona wekundu kichwani, basi jibu unalo.

Hatari yao kubwa sio jiwe la mtoto. Ni kwelea kwelea. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la milioni moja linamaliza tani 10 za mtama au mpunga kila siku. Mkulima hawezi kukaa kimya, na serikali inatuma ndege ya kunyunyizia sumu, mara nyingi fenthioni. Hiyo inashambulia mishipa ya fahamu. Kwelea aliyenyunyiziwa hafi papo hapo kila mara: wengine wanaruka wakiyumba, na kwa mwindaji wa hewani hicho ni chakula cha bure. Tafiti za Afrika zimeonyesha ndege wawindaji wakifa kwa kula kwelea wenye sumu. Ndiyo maana hata watu wanaonywa wasiokote kwelea waliopuliziwa kwenda kukaanga.

Marekani walishapitia kitu kama hicho. Baada ya vita ya pili ya dunia, DDT ilifanya maganda ya mayai ya Falco peregrinus kuwa membamba hadi yakapasuka chini ya mama. Mashariki mwa nchi hiyo walitoweka kabisa kama ndege wanaozaliana. DDT ilipigwa marufuku kwa kilimo mwaka 1972, na ndege huyu akatolewa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1999. Karibu miaka 27, tena kwa kulea na kuachia makinda kwa maelfu.

Ukimwona, piga picha akiwa ametua kama inawezekana, kisha vuta karibu kichwani. Mradi wa Atlasi ya Ndege Tanzania unakusanya taarifa za nani kaonekana wapi na mwezi gani. Mwezi ni muhimu sana: kipanga wa Julai karibu kwa hakika ni mwenyeji, kwa sababu wakati huo calidus yuko tundra analea makinda. Wa Desemba ndiye wa kumkagua shavu.