Dungu lenye dari: malazi ya familia nzima shambani

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha juu ya milima ya Udzungwa, watu wa Mbingu huanza kutazama upande wa bondeni. Kijiji chao kiko katika njia itokayo Ifakara kwenda Mlimba, mkoani Morogoro. Nyuma yake imesimama milima, na mbele yake limetandaza bonde la mto Kilombero, ambalo ardhi yake hupendwa na mpunga kama samaki apendavyo maji. Lakini mashamba mengi yako mbali na nyumba. Mkulima hawezi kwenda asubuhi na kurudi jioni kila siku. Basi familia hufunga virago: majembe, sufuria, mbegu, mikeka, kuku wawili watatu, na watoto. Huhamia shambani, na huko huishi katika vibanda vya miti na nyasi viitwavyo madungu.

Wengine hukaa wiki chache za kulima na kupanda, wakarudi tena wakati wa palizi. Wengine hukaa miezi, mpaka ndege wamefukuzwa na mpunga umevunwa kati ya Mei na Julai. Huenda wewe, msomaji, unaishi Ifakara mjini, Morogoro au Dar es Salaam, na shamba lako la bondeni unalihudumia kwa likizo na kwa msaada wa jamaa. Makala haya yanakuhusu pia, kwa kuwa aghalabu wewe ndiye unayetoa fedha za msimu, na mwenye kutoa fedha ana haki ya kuuliza zinatumikaje.

Kabla ya kwenda bondeni kila mtu hupiga hesabu. Mbegu ni madebe mangapi? Trekta au jembe la mkono? Vibarua ni wangapi? Hizo ni hesabu njema. Lakini iko moja ambayo husahauliwa mara nyingi: je, ni watu wangapi watakaolala ndani ya dungu, na kila mmoja wao atalala wapi?

USIKU NDANI YA DUNGU

Tuchukue mfano wa familia ya watu sita: baba, mama, mtoto mchanga, mdogo wa miaka minne, na wakubwa wawili wanaosoma shule ya msingi. Dungu lao lina kitanda kimoja cha miti kilichoinuliwa juu ya unyevu, na chandarua kimoja. Usiku unapoingia, mama hulala ndani ya chandarua pamoja na mchanga na yule wa miaka minne. Baba hujibana ukingoni. Wale wakubwa hutandikiwa mkeka katika nafasi iliyobaki, baina ya gunia la mbegu na mlango. Mvua ikinyesha, maji huwafuata. Mbu wakiingia, wao ndio wa kwanza kupatikana.

Hapo hapana aliyekusudia ubaya. Wazazi wamefanya lililo sawa kwa kumlinda mchanga kwanza. Lakini watafiti wa malaria barani Afrika wameona jambo hilohilo katika nchi nyingi: watoto wa umri wa shule ndio ambao mara nyingi hukosa nafasi ndani ya chandarua. Na hao ndio tunaowaamsha alfajiri wakapigie kelele ndege. Mtoto aliyekesha akijikuna huwa mlinzi hafifu wa shamba, na akirudi shuleni huwa mwanafunzi hafifu vilevile.

Sasa tazama juu. Katika madungu mengi marefu, baina ya kitanda na kilele cha paa iko nafasi ya bure, iliyojaa moshi na utando wa buibui. Familia inabanana chini, na hali juu hakuna anayelala.

SOMO KUTOKA KWA WENYE MAGARI

Msomaji aliyesafiri kwa barabara ipitayo katika Hifadhi ya Mikumi amepata kuona magari ya watalii ambayo paa lake huinuliwa, ili abiria wasimame na kutazama wanyama. Yapo magari jamaa ya hayo ambayo paa lake huinuliwa kwa ajili ya kulala. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza samani za kulalia za kuwekwa ndani ya gari la Volkswagen, lile tulilolizoea kwa jina la Kombi. Huko Folkestone, Uingereza, kampuni ya Martin Walter ilipata sifa kwa magari yake yaitwayo Dormobile, ambayo paa lake lilifunguka juu likiwa na kuta za turubai. Wazazi walilala chini, na watoto wakalala juu.

Hata leo wako wenye magari marefu, ambamo mtu mzima husimama bila kuinama, wanaokata paa na kuongeza jingine la kuinuka. Utauliza: gari ni refu tayari, kwa nini waliongeze? Jibu lake ni jepesi. Kimo kisicho na sakafu hakilazi mtu. Familia ikizidi watu wawili, urefu wa kusimama haufai kitu usiku. Kinachotakiwa ni sakafu ya pili.

Mafundi wa kazi hiyo wana kanuni tatu. Ya kwanza, paa la gari ni sehemu ya nguvu ya bodi. Ukilikata bila kuweka fremu imara kuzunguka tundu, gari zima hulegea. Ya pili, sakafu ya juu ina kiasi cha uzito inachoweza kubeba, nacho hujulikana kabla mtu hajapanda. Ya tatu, kuta za turubai ziwe na madirisha ya wavu, ili hewa ipite na wadudu wasipite. Kanuni hizo tatu zaweza kuhamishwa moja kwa moja hadi katika dungu la Mbingu, bila ya gari wala fedha za kigeni.

KUONGEZA DARI

Anza na nguzo. Kosa kubwa ni kulaza fito za dari juu ya kuta au juu ya miti ya paa. Kuta za dungu hazikujengwa kubeba watu, na paa huyumba kwa upepo. Dari iwe na nguzo zake yenyewe, nne au sita, zenye panda juu, zilizofukiwa kwa kina na kushindiliwa vizuri. Juu ya panda laza boriti mbili nene, kisha panga fito au mianzi iliyonyooka kwa karibu karibu, na uifunge kila mahali inapokutana na boriti.

Kimo ni jambo la kupima. Ikiwa paa lina mita tatu au zaidi kidogo hadi kileleni, kitanda cha chini chaweza kuwa kiasi cha nusu mita kutoka ardhini, na dari kiasi cha mita mbili. Anayelala chini ataweza kuketi bila kugonga kichwa, na mtoto aliye juu ataketi bila kugusa nyasi. Paa likiwa fupi kuliko hivyo, liinue kwanza; usimbane mtoto chini ya nyasi kama mzigo.

Zungusha kizuizi cha mti pande zote za dari, kiasi cha kumzuia mtoto anayegeuka usingizini, na uache nafasi ya ngazi peke yake. Ngazi ifungwe kwa kamba, isiegemezwe tu. Mtoto aliye chini ya miaka sita asilale juu kamwe, hata akilia kwa kuwaonea wivu kaka na dada zake. Kabla ya usiku wa kwanza, pakia juu ya dari viroba vya mchanga vyenye uzito unaozidi wa watoto watakaolala humo, uviache hadi asubuhi. Nguzo ikizama au fito ikilia, umepata onyo bila hasara.

Moto nao una sheria yake. Usipike chini ya dari, wala koroboi isipandishwe juu. Tochi au taa ndogo ya jua yatosha. Nyasi kavu, chandarua na mwali wa moto havikai nyumba moja.

KIMO HAKIONDOI CHANDARUA

Je, kulala juu kunapunguza mbu? Watafiti waliojaribu jambo hili nchini Gambia walijenga vibanda vya majaribio vinavyoweza kuinuliwa kutoka ardhini. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2021, kibanda kilichoinuliwa mita tatu kiliingiwa na mbu wa malaria pungufu kwa asilimia 84 kuliko kilichokuwa chini. Hapa kwetu, mkoani Mtwara, zimejengwa nyumba 110 za majaribio zenye ghorofa moja, ambazo vyumba vyake vya kulala viko juu. Wazo ni lilelile la dari.

Lakini usidanganyike, msomaji. Kibanda kile cha Gambia kiliinuliwa chote. Dari ndani ya dungu lililo wazi ni kitu kingine, maana mbu aliyekwisha kuingia ndani hashindwi na ngazi. Kwa hiyo dari haiji mahali pa chandarua. Faida yake ni kwamba inapatikana nafasi ya kutundika chandarua cha pili, chenye pembe nne zilizofungwa kwenye nguzo na pindo lililochomekwa chini ya mkeka.

Na faida ya chandarua watu wa Kilombero hawahitaji kuhadithiwa na wageni. Ni katika bonde hili na wilaya jirani ya Ulanga ambako, katika miaka ya 1990, watafiti wa Ifakara waliendesha mpango wa kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliotumia vyandarua hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi hiyohiyo ya Ifakara walichapisha habari za kibanda cha kuhamishika, kisichopenyeka mbu, walichokibuni kwa ajili ya wakulima wa mpunga wanaohamia mashambani. Bila shaka waliona kwamba malazi ya mkulima ni jambo la kushughulikiwa na wataalamu, si la kuachiwa bahati.

YASIYOMALIZWA NA DARI

Yako mambo ambayo dari haiyamalizi. Mbu huuma pia jioni, mama anapopika nje na watoto wamezunguka jiko. Pikeni mapema, na watoto wavae nguo zinazofunika miguu. Homa nayo haingoji mavuno. Kabla ya kuhama, jua zahanati iliyo karibu na shamba ni ipi, na mwendo wake ni saa ngapi kwa miguu au kwa baiskeli wakati njia imejaa maji. Mtoto akipata homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, asisubiri palizi iishe. Na fedha ya safari hiyo iwekwe kando tangu mwanzo, isichanganywe na ya vibarua.

Tena, shule zikiwa wazi, mahali pa mtoto wa shule ni shuleni. Bibi au shangazi aliyebaki kijijini akiweza kumtunza, dungu litapungua mzigo na darasa halitapungua mwanafunzi.

Basi, mfanyakazi mwenzangu, utakapotuma fedha za msimu, usiulize idadi ya madebe ya mbegu peke yake. Muulize ndugu yako wa bondeni: mtalala wangapi, vyandarua ni vingapi, na nani atalala mkekani karibu na mlango? Akikujibu kwa jina la mtoto, ongeza fedha ya boriti mbili na chandarua kimoja kabla ya fedha ya mbegu. Mpunga hupandwa kila mwaka, lakini mtoto huyo hana msimu wa pili.