Tumbo Linalojaa Kila Siku: Tuijue Saratani ya Ovari

Leo tunazungumzia ugonjwa unaojificha tumboni, yaani saratani ya ovari.

Ovari ni viungo viwili vidogo vinavyotunza mayai ya mwanamke, kimoja kila upande wa tumbo la uzazi. Kwa kawaida, yai moja hutoka kila mwezi. Linapotoka, ngozi ya ovari hupasuka kidogo, kisha hupona. Wataalamu wanafikiri kwamba kupasuka na kupona huku kwa miaka mingi ni sababu mojawapo ya seli kuharibika, kwenye ovari yenyewe au kwenye ncha ya mrija ulio karibu nayo.

Ndiyo maana daktari akikuuliza umezaa mara ngapi, hakuchunguzi mambo yako bure. Ukiwa mjamzito, mayai hupumzika. Ukinyonyesha, mara nyingi huchelewa kurudi. Vidonge vya kupanga uzazi pia huyazuia. Kwa hiyo mama aliyezaa, aliyenyonyesha au aliyetumia vidonge ana hatari ndogo zaidi. Aliyetumia vidonge kwa miaka 5 au zaidi, hatari yake hupungua karibu nusu. Aliyeanza hedhi mapema, aliyechelewa kukoma hedhi au ambaye hakuzaa, hatari yake iko juu kidogo.

Lakini tuelewane, akina mama. Asiyezaa asinyooshewe kidole, kwani wengi wao hawaupati ugonjwa huu kamwe. Na mwenye watoto 8 asijidanganye kwamba amesalimika. Wala usimeze vidonge kwa sababu ya mazungumzo haya tu. Kwa wengine vina madhara, hasa wenye shinikizo la damu na wavutaji sigara waliopita miaka 35. Muulize muuguzi kwanza.

Je, mienendo yetu? Unene wa kupita kiasi huongeza hatari, na sigara huongeza aina moja ya saratani hii. Umri nao una uzito, kwani wengi wanaougua wamepita miaka 50. Zaidi ya hayo, uliza habari za ukoo wako. Ikiwa mama, dada, shangazi au nyanya yako aliugua saratani ya ovari au ya matiti, mwambie daktari.

Sasa sikiliza dalili. Tumbo kujaa au kuvimba, kushiba baada ya matonge machache, maumivu chini ya kitovu, na kwenda haja ndogo mara kwa mara.

Chukua mfano wa mama wa miaka 56. Tumbo linajaa, ananunua dawa ya vidonda vya tumbo. Haliponi, anapewa dawa ya minyoo. Majirani wanasema amenenepa. Miezi inapita, na ugonjwa unasambaa. Mama huyu hakukosa dawa. Alikosa kupimwa.

Wengine husema, "Mimi nilipimwa mlango wa kizazi, niko salama." Kipimo hicho ni kizuri, endelea nacho, lakini hakionyeshi saratani ya ovari. Hata chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa kwa wasichana wetu nchini Kenya mwaka 2019, hukinga mlango wa kizazi, si ovari.

Basi dalili hizi zikiwa ngeni kwako na zikikurudia karibu kila siku kwa wiki 2 au 3, nenda kituo cha afya. Sema zilianza lini. Uliza kama unahitaji kupimwa nyonga na kupigwa picha ya tumbo, yaani skani. Mara nyingi itakuwa jambo dogo. Ikiwa ni saratani, ikigunduliwa mapema matibabu hufaulu zaidi.

Mama, ukimaliza kusikiliza, mpigie simu mama yako au dada yako. Muulize, "Tumbo lako liko vipi siku hizi?"

Hadi wiki ijayo, kwaherini.